Je, wajua kwa nini wachimbaji wa Ayalandi walivuka bahari na bara ili wafike Butte?

Mwairishi aliyeshuka melini New York au Boston katika miaka ya 1880 alikuwa tayari amefika Marekani, na pale pale mjini aliwakuta maelfu ya watu wa nchi yake. Hata hivyo, wachimbaji wengi waliotoka katika rasi ya Beara, kusini-magharibi mwa Ayalandi, hawakukaa hapo. Walipanda treni wakasafiri zaidi ya kilomita 3,000 kuelekea magharibi hadi Butte, mji wa migodi ulio juu ya milima ya jimbo la Montana, mbali na bahari yoyote. Kwa nini watu waliozaliwa pwani, tena maskini, waliongeza safari ndefu namna hiyo juu ya safari ya meli iliyokuwa imewagharimu karibu kila walichokuwa nacho?

Jibu linaanzia nyumbani kwao. Wengi wetu tumesikia habari za Njaa Kuu ya Ayalandi ya mwaka 1845 hadi 1852, ambapo viazi viliozea shambani kwa ugonjwa uleule ambao wakulima wa Mbeya na Njombe wanaujua kwa jina la bakajani. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Lakini Beara ilikuwa na jambo lake la pekee. Katika kijiji cha Allihies, familia ya wamiliki wa ardhi iitwayo Puxley ilifungua migodi ya shaba mwanzoni mwa karne ya 19, na mamia ya watu wakajifunza huko kutoboa mwamba, kuulipua kwa baruti na kutambua mshipa wa shaba kwa macho. Kazi za ufundi zenye mshahara mzuri zaidi walipewa wataalamu walioletwa kutoka Cornwall, Uingereza, na wenyeji wakabaki na kazi nzito za ujira mdogo. Bei ya shaba iliposhuka migodi ilidhoofika, na mwaka 1884 ikafungwa. Kwa hiyo mtu wa Beara alipoondoka alikuwa na ujuzi ambao mhamiaji wa kawaida, aliyezoea jembe na viazi tu, hakuwa nao, na ujuzi huo ulimwelekeza kule shaba iliko.

Wa kwanza walikwenda Michigan, kwenye migodi ya shaba ya Hancock. Wengine walifuata madini ya fedha katika Nevada na Colorado, wakihama kila mshipa ulipokwisha. Miongoni mwa Waairishi waliopita njia ya Nevada alikuwamo Marcus Daly, mtoto wa kaunti ya Cavan aliyeingia Marekani mwaka 1856 akiwa na umri wa miaka 15, akafanya vibarua New York na California kabla ya kujifunza uchimbaji. Mwaka 1876 alitumwa Butte kukagua mgodi wa fedha. Miaka michache baadaye alinunua mgodi wa Anaconda, na wachimbaji wake wakakutana na mshipa mkubwa mno wa shaba, wakati uleule miji ya Marekani ilipoanza kuhitaji nyaya za umeme. Daly hakuwasahau watu wa kwao: katika migodi yake kuwa Mwairishi kulimsaidia mtu kupata kazi, ilhali mahali pengi kulimzuia.

Ujira nao ulivuta. Chama cha wafanyakazi wa migodi cha Butte, kilichoundwa mwaka 1878, kilisimamia kiwango cha dola 3.50 kwa siku kwa kila aliyefanya kazi chini ya ardhi, awe fundi au kibarua, na kiwango hicho kilidumu kwa miaka mingi.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, barua ndiyo iliyofanya kazi kubwa kuliko yote. Aliyetangulia aliandika nyumbani kumweleza anayefuata apande treni ipi, ashukie wapi na amtafute nani. Mara nyingi ndani ya bahasha mlikuwa na pesa, au tiketi iliyokwisha kulipiwa, na aliyeipokea alijua kuwa siku moja naye atamlipia mdogo wake. Hivyo msafiri hakuwa akitangatanga kutafuta kazi: alikuwa akienda kwa shemeji, kwa binamu, kwa jirani aliyelelewa naye. Kati ya watu wapatao 1,700 waliohama parokia ya Eyeries, jirani na Allihies, kuanzia mwaka 1870 hadi 1915, zaidi ya 1,100 waliishia Butte. Kufikia mwaka 1900 takribani robo ya watu wa mji huo na viunga vyake walikuwa Waairishi, na jina la Sullivan, lililojaa Beara, lilisikika kila mtaa.

Kazi yenyewe iliua. Chini ya ardhi kulikuwa na joto kali, na mashine za kutoboa mwamba zilitoa vumbi laini lililojaa kwenye mapafu hadi mtu akashindwa kupumua, ugonjwa ambao wachimbaji waliuita kifua kikuu cha migodini. Tarehe 8 Juni 1917 moto ulizuka katika migodi ya Granite Mountain na Speculator, baada ya taa ya mchimbaji kuwasha kebo ya umeme iliyokuwa imeanguka shimoni wakati wa kuteremshwa, na watu 168 wakafa, wengi wao kwa moshi na gesi. Wajane walikuwa wengi Butte, na kwa kuwa hawakuwa na kipato kingine, wengi wao walipangisha vyumba na kuwapikia wapangaji. Ndiyo maana kijana wa Beara aliyeshuka kwenye treni na barua mfukoni mara nyingi alikula chakula chake cha kwanza mjini humo katika nyumba ya mjane wa mchimbaji.