Je, ni ukosefu wa ajira unaofanya wageni washambuliwe Afrika Kusini?

Fujo dhidi ya wageni zikizuka Sauzi, wengi wetu jibu tunalo mdomoni: vijana hawana kazi, wageni wamezichukua. Ni kweli kwamba ukosefu wa ajira huko umepita asilimia 30. Lakini kama dhiki ingetosha, mitaa yote yenye dhiki ingewaka, na haikuwa hivyo. Mei 2008 vurugu zilianzia Alexandra, Johannesburg, zikasambaa hadi Cape Town. Watu 62 waliuawa, zaidi ya 100,000 wakayakimbia makazi yao. Wakati huohuo, mitaa mingi yenye ufukara uleule na wageni walewale ilibaki shwari. Tena, kati ya hao 62, watu 21 walikuwa Waafrika Kusini wenyewe.

Mtafiti Jean Pierre Misago na wenzake wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand waliingia mitaa ya aina zote mbili. Ripoti yao ya 2009 ilionyesha kwamba kilichotofautisha mitaa hiyo ni uongozi. Fikiria dalali wa nyumba: nyumba si yake, mpangaji si ndugu yake, ila yeye ndiye anayewakutanisha, na hapo ndipo anapokula. Viongozi wa mtaa, hasa wasiochaguliwa, waliikutanisha hasira ya watu na mlango wa mgeni, nao wakavuna wafuasi na madaraka. Pale ambapo viongozi walikataa, hasira haikupata pa kushika. Utafiti huo ulitegemea zaidi mahojiano, kwa hiyo hautupi vipimo vya nani alichangia kiasi gani.

Uchumi nao umo, ila si kwa njia inayodhaniwa. Wageni wengi wamejiajiri. Wasomali, kwa mfano, huchanga mtaji, hununua bidhaa za jumla kwa pamoja, huridhika na faida ndogo na hufungua duka alfajiri hadi usiku. Sigara wanauza moja moja, mkate wanakata nusu. Mama mwenye hela kidogo ananufaika, na mwenye fremu anapata kodi yake kila mwezi. Anayeumia ni mfanyabiashara mwenyeji mwenye duka jirani na la mgeni, na baadhi ya uchochezi ulitoka kwa wafanyabiashara wa aina hiyo. Mgeni akifukuzwa, kijana asiye na kazi anabaki vilevile, na mwenye fremu anakosa mpangaji.