Inawezekanaje kucheza gemu ya mapanga na majoka bila kuua?

Je, wajua kuna watu wanacheza gemu za kifantasia, zile za upanga, uchawi na majoka, na lengo lao ni kufika mbali bila kumuua yeyote? Na wanafika kweli. Mfano ulio karibu na hilo uko kwenye World of Warcraft, gemu ya mtandaoni, kuna mhusika anaitwa Doubleagent, ingawa lengo lake hasa lilikuwa kutochagua upande. Mwaka 2012 gemu hiyo ilileta Pandaren, jamii ya mapanda, na kipindi hicho kila panda alikuwa anaanzia kwenye kisiwa kimoja kinaitwa Wandering Isle, akimaliza mambo ya pale anachagua upande, Alliance au Horde, ndo anatoka kwenda kupigana na dunia. Mwenye Doubleagent akagoma kuchagua. Akabaki kisiwani anachuma maua na kuchimba madini, kesho tena maua na madini, hivyo hivyo mpaka akafika levo 90 ambayo ndo ilikuwa ya mwisho kipindi hicho.

Sasa swali ni inawezekanaje, maana wengi tunajua gemu za aina hii ukitaka kukua lazima uue. Jibu lote liko kwenye kitu kimoja: gemu inagawa pointi za uzoefu, zile zinazokupandisha levo, kwa kazi gani. Kwenye World of Warcraft kuanzia 2010 kuchuma mimea na kuchimba madini kunakupa pointi, basi, mlango ukawa wazi. Bila hayo mabadiliko yule panda angechuma maua mpaka leo na angebaki pale pale.

Tena hii ya kulipwa kwa kuua pekee sio hata asili ya hizi gemu. Dungeons & Dragons, ile ya mezani ya Gary Gygax na Dave Arneson iliyotoka 1974, ilizaliwa kwenye michezo ya vita ya visanamu kwahiyo mapigano yamo ndani ya damu yake, lakini sheria zake za mwanzo zilikupa pointi kwa hazina pia, sarafu moja ya dhahabu pointi moja. Yaani aliyeingia pangoni kimya kimya akatoka na dhahabu joka limelala alikuwa anakua hata bila kulivamia. Kwenye kompyuta nadhani ilikuwa rahisi zaidi kuhesabu maiti, na gemu nyingi zikaelekea huko.

Skyrim ya 2011 ndo naiona uwanja mzuri kuliko zote kwa hili jambo. Pale kuua kwenyewe hakukupi chochote, unakua kwa kutumia ujuzi wako, na ujuzi uko 18. Ukichanganya dawa unakua, ukifua vyuma, ukiuza vitu na kushawishi watu kwa maneno, ukinyata bila kuonekana, vyote hivyo vinakupandisha levo. Afu kuna uchawi wa kutuliza, ule wa ngazi ya chini unaitwa Calm, unampiga nao adui mwenye hasira anashusha silaha kwa sekunde 30 nawe unapita. Baadae unapata Harmony unaotuliza kundi zima kwa dakika nzima. Shida yake ni kwamba maadui nao wanaongezeka nguvu kadri unavyopanda levo, na huo uchawi una kikomo, adui mwenye levo kubwa haumshiki, kwahiyo mpole aliyekua haraka kwa kuuza dawa anajikuta mbele ya watu wasiotulizika na mwili wake haujawahi kuzoea kipigo. Ndo maana wanaocheza hivi wanatilia mkazo sana ujuzi unaoinua kile kikomo, na wanajua kukimbia.

Hapa sasa ndo wachezaji wanabishana na mimi nina upande. Skyrim inakuruhusu kutembea na mwenzako, yeye ana shoka, wewe unamponya tu kwa nyuma yeye anaua. Je, wewe ni mpole? Pia kuna uchawi wa Fury, unawatia maadui wazimu wanachinjana wenyewe, mkono wako msafi kabisa na kaunta ya mauaji haisogei. Kwangu mimi hapana, hayo ni mauaji, umebadilisha mkono tu, na anayecheza hivyo anailinda namba badala ya kumlinda yule aliye mbele yake. Raha yenyewe ya kucheza mtu mpole ni pale unapolazimika kumwangalia kila adui kama mtu mwenye sababu zake, huyu anataka nini, naweza kumpa, naweza kumzunguka. Ukimwachia rafiki yako mwenye shoka hayo maswali yote yanakufa.

Undertale ya Toby Fox, 2015, imelichukua hilo swali ikalifanya gemu nzima. Kila adui unaweza kumsamehe, unaongea nae, unamsifia, unamtania, mpaka aishiwe hamu ya kupigana. Ila ukimsamehe hupati pointi za uzoefu hata moja, kwahiyo unabaki levo 1 na uhai 20 safari nzima huku mashambulizi yanazidi kuwa magumu, na njia kubwa ni wewe mwenyewe kujifunza kukwepa. Naipenda sana hii kwasababu upole hapo una gharama ya kweli.

Kikwazo kikubwa ni bosi wa lazima, yaani adui mkubwa usiyeweza kumkwepa, gemu inafunga mlango na haufunguki mpaka mmoja afe, hapo upole wako umefika ukingoni hata ungekuwa na ujuzi gani. Kwahiyo kama unataka kujaribu, kabla hujaanza angalia mambo mawili, pointi zinatoka wapi na bosi wa mwisho anapitikaje. Baldur's Gate 3 ya 2023 kwa mfano inakulipa pointi pale unapoizima vita kwa maneno, na ina swichi ya kumzimisha adui bila kumuua, ila inafanya kazi kwa mapigo ya karibu tu, mishale na uchawi bado vinaua, kwahiyo mpe mhusika wako rungu na umwekeze kwenye ulimi.