Kache ya SQLite: angalia inafutwa lini kabla ya kuiongeza

SQLite, hifadhidata inayokaa ndani ya faili moja, ikianza kusuasua, wengi hukimbilia kuongeza cache_size, yaani ukubwa wa kache: memori inayotunza kurasa zilizokwisha kusomwa kutoka kwenye diski. Mimi huanza kwingine, kwa sababu kache inaweza kuwa kubwa na bado ikawa tupu kila hoja (ombi la data) inapoanza.

Hesabu kwanza. Tangu toleo la 3.12.0 la mwaka 2016, ukurasa, yaani kipande cha faili kinachosomwa kwa pamoja, kwa kawaida ni baiti 4096 na cache_size ni -2000. Namba hasi ni kilobaiti, namba chanya ni idadi ya kurasa. Anayeandika `PRAGMA cache_size = 64000;` akidhani ameomba MB 64 ameruhusu takribani MB 262, tena kwa kila muunganisho. Memori hiyo haichukuliwi yote kwa mkupuo. Hujaa kadiri kurasa zinavyosomwa, hivyo majaribio mafupi hayaonyeshi hatari yoyote. Agizo lenyewe hupotea muunganisho ukifungwa, kwa hiyo liandikwe pale unapoufungua.

Sasa kiini. Katika hali ya jono ya kawaida (rollback journal, ambapo kurasa za zamani huwekwa kando kabla ya faili kubadilishwa), kila muamala (transaction) wa kusoma unapoanza, SQLite hukagua kaunta ya mabadiliko, baiti nne kuanzia nafasi ya 24 ya faili. Ikiwa muunganisho mwingine umeandika, hata safu moja tu, kache yako yote hutupwa. Katika WAL (write-ahead log, hali ambapo mabadiliko huandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) ukaguzi hufanyika kwenye faharasa ya WAL, lakini matokeo ni yale yale. Ndiyo maana mwandishi mmoja anayefanya COMMIT (kukamilisha muamala) kila mara huifanya kache ya wasomaji wote isiwe na faida.

Dawa ni mbili. Kusanya maandishi madogo katika muamala mmoja. Kwa upande wa kusoma, funga hoja zinazofuatana ndani ya BEGIN na COMMIT, maana kache haitupwi katikati ya muamala. Usiuache wazi muda mrefu, hata hivyo: katika WAL, msomaji asiyeondoka huzuia faili la WAL lisianze upya, nalo huzidi kuvimba.

Kache ndogo huumiza zaidi wakati wa kuandika. Kurasa zilizobadilishwa zikijaa kabla ya COMMIT, humwagwa kwenye diski mapema. Nje ya WAL, kumwaga huko kunahitaji kufuli la peke yake, na wasomaji husimama hadi muamala uishe. Kwa uingizaji mkubwa wa data, hapo ndipo kuongeza kache kunalipa kweli.

Usikisie. Soma SQLITE_DBSTATUS_CACHE_HIT, CACHE_MISS na CACHE_SPILL kupitia sqlite3_db_status(), au andika `.stats on` kwenye shell. Spill (kurasa kumwagwa mapema) zikiwa nyingi, ongeza kache. Miss (kurasa zisizokutwa kwenye kache) zikiruka kila baada ya COMMIT ya mwingine, ukubwa hautasaidia. Jaribu mmap_size, inayosoma kurasa moja kwa moja kutoka kwenye memori ya mfumo endeshi bila kuzinakili. Ila hitilafu ya diski ikitokea hapo, programu hupokea SIGBUS (ishara ya kosa kutoka mfumo endeshi) badala ya msimbo wa kosa, na isipoishughulikia huanguka.