Seli za Masti kwa Watoto: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Madoa hayo ya kahawia kwenye ngozi ya mtoto ni makovu ya mbu." Kisumu, ambako mbu hawakosi, dhana hii inaeleweka, lakini kovu la mbu halivimbi upya. Doa la kahawia lililojaa seli za masti (aina ya seli za kinga ya mwili) likisuguliwa kwa kidole huinuka na kuwasha baada ya dakika chache, na hiyo ndiyo dalili anayoitafuta daktari wa ngozi. Ugonjwa huo, mastositosi ya ngozi, hauambukizi wala si damu chafu. Mara nyingi huanza kabla ya miaka 2, na kwa watoto wengi hufifia kufikia balehe.

"Vipimo vya aleji havikuonyesha kitu, kwa hiyo mtoto anasingizia." Hakuna dhana inayomwonea mtoto kuliko hii. Seli za masti hukaa kwenye ngozi, matumbo na njia za hewa zikiwa na akiba ya histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe, na zaweza kuimwaga bila chakula chochote kuhusika: kwa maji ya moto ya kuogea, kola ya sare inayosugua shingo, jua la saa saba mchana, homa, au dawa kama kodeini na, kwa baadhi ya watoto, ibuprofeni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu wa uso hauonekani kwa urahisi, basi mtoto akisema uso unamwaka, asadikiwe. Kipimo cha kuomba ni cha triptesi, kimeng'enya kinachotolewa na seli za masti, damu ikitolewa kati ya saa 1 na 4 baada ya shambulio, yaani dalili hizo zinapomjia ghafla, kisha ilinganishwe na ile ya siku ambayo mtoto ni mzima. (Vipele vya kuwasha peke yake, hata vikirudi mara kwa mara, kwa kawaida si tatizo hili la mashambulio ya seli za masti.)

"Aachishwe samaki, mayai, maziwa na njugu." La. Kinachoondolewa ni kile tu ambacho kumbukumbu za mashambulio na daktari vimekithibitisha. Mengine ni kumdhoofisha mtoto.

"Piriton inatosha." Kwa mwasho, huenda. Mtoto akikosa pumzi, akizirai, au akivimba huku akitapika mfululizo, anahitaji adrenalini haraka, kwenye msuli wa upande wa nje wa paja, miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, kwa sababu dawa za aleji hazifungui njia ya hewa wala kupandisha shinikizo la damu. Alazwe chali miguu ikiwa juu, au aketi iwapo anahema kwa shida, na asitembezwe kwenda kutafuta bodaboda.