Taa za wavuvi wa dagaa na fizikia ya ombwe: yanayosemwa na yaliyo kweli

Usiku usio na mwezi, ukisimama ufukweni Kirumba hapa Mwanza, ziwani unaona kama mji mwingine umewashwa. Ni wavuvi wa dagaa na taa zao. Nafundisha fizikia, na swali ambalo wanafunzi hawachoki kuniuliza linatoka hapo: mwanga wa mtumbwi huu ukikatana na wa ule, haugongani?

Wengi husema hugongana. Lakini hapo ulipo unaihesabu taa moja moja, ingawa mianga yake imepishana mara nyingi juu ya maji. Milinganyo ya Maxwell, yaani kanuni za umeme na sumaku, inasema mawimbi mawili ya sumakuumeme (mwanga ukiwa mojawapo) katika ombwe, yaani nafasi tupu isiyo na hata hewa, hujumlishana yanapokutana, kisha kila moja huendelea na safari yake kama lilivyokuwa.

Waliosoma kidogo zaidi wanakosea upande wa pili: "Basi hayagusani kamwe." Mwaka 1936 wanafizikia Heisenberg na Euler walionyesha kwamba ombwe lina elektroni na positroni (pacha wa elektroni wenye chaji chanya) za kupita tu, na uga, yaani nguvu ya umeme au sumaku mahali hapo, ukiwa mkali mno, ombwe lenyewe hujibu waziwazi; chini ya hapo hujibu kidogo mno. Hapo hesabu ya kujumlisha haitoshi tena. Kiwango chenyewe ni kama volti bilioni bilioni 1.3 kwa mita. Hewa tunayovuta hutoa cheche kwenye volti milioni 3 tu. Mwaka 2017 jaribio la ATLAS pale CERN, maabara ya Ulaya ya kugonganisha chembe, lilitangaza dalili za mwanga kuugonga mwanga, viini vya madini ya risasi vilipopitana karibu kwa kasi kubwa.

Dhana inayonikera ni hii: kwamba chumba cha chuma kinachonasa mawimbi "kinazalisha" nishati. Hakizalishi, kinalimbikiza. Ni kama bembea: ukisukuma kwa wakati wake inapanda juu, lakini nguvu ni ya mkono wako. Chumba cha niobi, metali inayopoteza ukinzani wa umeme ikipozwa sana, kikipozwa hadi kelvini 2 (karibu nyuzi 271 chini ya sifuri) kinaweza kulihifadhi wimbi la gigahezi 1.3 (mitetemo bilioni 1.3 kwa sekunde) kwa takriban sekunde nzima, na hilo ni ajabu tosha. Wapo waliodai kwamba maikrowevu zikifungiwa kwenye chumba chenye umbo la pia zinaweza kusukuma chombo cha angani bila kutupa chochote nyuma. Mwaka 2021 watafiti wa Dresden walipima upya: "msukumo" ulitokana na joto lililopinda vifaa vya kupimia.

Halafu kuna wanaoona cheche ndani ya chumba wakadhani ni ombwe. Ni ukuta huo! Uga wa umeme ukizidi, uso wa chuma hutema elektroni. Uga wa sumaku ukizidi, niobi hurudisha ukinzani wake. Vyumba vizuri huishia karibu volti milioni 50 kwa mita, pungufu ya kile kiwango kikubwa mara bilioni 26 hivi.

Tangu mwaka 2001 kuna pendekezo la kulikwepa tatizo hilo: ingiza mawimbi mawili, kisha tafuta la tatu linalozaliwa na ombwe lenyewe, ambalo masafa yake (mitetemo kwa sekunde) ni mara mbili ya la kwanza kutoa la pili. Kwa bahati mbaya ukuta nao, ukiwa na kasoro kidogo, huzaa masafa yaleyale. Kwa hiyo umbo la chumba huchaguliwa ili wimbi la tatu lichujwe mbali na yale mawili makubwa. Bado halijanaswa.