Una sukari, unatokwa jasho la baridi? Hiyo si gesi

Mshtuko wa moyo ni nini?
Mshipa unaolisha moyo umeziba, mara nyingi kwa damu iliyoganda. Nyama ya moyo iliyokosa damu huanza kufa, na ikishakufa haioti tena.

Kwa nini mnawasema sana wenye kisukari?
Kwa sababu wakilazwa kwa mshtuko wa moyo hufariki wengi zaidi kuliko wasio na kisukari. Wanaopona nao wengi hubaki na moyo dhaifu: miguu inavimba, kulala chali hawawezi. Sukari ya miaka mingi imeshachakaza mishipa na figo. Halafu wanachelewa kuja, na hapo ndipo mimi muuguzi ninapochoka.

Mbona kifua hakiumi?
Unamjua mgonjwa wa sukari anayekanyaga msumari asisikie? Neva za moyo nazo hufa ganzi vivyo hivyo. Badala ya maumivu makali utapata jasho la baridi, kichefuchefu, pumzi fupi, uchovu wa ghafla, au uzito kwenye chembe ya moyo.

Si itakuwa gesi tu, au vidonda vya tumbo?
Hapana. Mama anaanza kutapika saa mbili usiku. Anapewa tangawizi, kisha dawa ya vidonda, kisha anaambiwa alale kidogo. Alfajiri analetwa kanga imelowa jasho, mapigo ya mkononi hayashikiki. Ndugu wananiambia, "Sista, ni gesi." Mwenye kisukari akitokwa jasho la baridi na kukosa pumzi, tangawizi ya nini? Mleteni.

Na kama sukari imeshuka?
Mpime. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe chai yenye sukari; dakika 15 zikipita hajakaa sawa, njooni. Ikiwa haijashuka, acheni soda, njooni sasa hivi. Hamna mashine? Kama anameza vizuri mpeni kitu kitamu, lakini huku gari linatafutwa.

Tukisubiri kupambazuke?
Hapana, tena hapana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda husaidia zaidi saa za mwanzo; zikipita 12, kwa kawaida haitolewi tena. Saa zinahesabiwa tangu dalili zilipoanza, si tangu mlipofika getini. Na si kila hospitali inayo. Kuzibua mshipa kwa mrija, hapa Tanzania, hufanyika sehemu chache, kama Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Aliye mbali ndiye hasa hana usiku wa kupoteza.

Kipimo cha umeme wa moyo kimetoka kizuri. Niende nyumbani?
Subiri. Cha kwanza kinaweza kudanganya. Kitarudiwa, na damu itapimwa troponini, yaani protini inayovuja nyama ya moyo ikiumia.

Nije na nini?
Dawa zako zote na daftari la kliniki. Ukifika mapokezi usiseme "tumbo linanisumbua" ukaenda kukaa benchi. Sema: "Nina kisukari, natokwa jasho la baridi, pumzi hainitoshi."