Mafuriko si kazi ya serikali ya kitaifa pekee

Kila masika ujumbe uleule hurudi kwenye makundi ya WhatsApp: eti nchini Kenya mafuriko na ukame ni mzigo wa serikali ya kitaifa, kaunti haihusiki. Si kweli. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, inaikabidhi kaunti mifereji ya maji ya mvua mijini, uzimaji moto na udhibiti wa majanga. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, kifungu cha 19, inaitaka kaunti iingize hatua za kukabili mabadiliko hayo katika mpango wake wa maendeleo. Usome, uone mitaro ya kwenu imepangiwa nini.

Mkanganyiko unaeleweka, kwani udhibiti wa majanga umetajwa pia upande wa kitaifa. Ila tafadhali, ujumbe huo usiusambaze. Unamwacha mwenye mtaro ulioziba asijue amwendee nani.